Odii Iliyoungua

Jumatatu, 12 Mei 2025

Mke wangu Alal amekula vijiko viwili vya uji. Viwili. Nilikaa mbele yake nikahesabu. Kisha akaweka kikombe chini, akasema asante, kana kwamba mimi ni mhudumu nimemletea chai ofisini.

Daftari hili nililinunua la kuandikia saa za dawa zake. Naona litabeba na mengine. Miaka thelathini na moja ya polisi, mkono umezoea kitabu cha matukio. Nyumbani tunasema Kiacholi, ripoti za wakubwa zilikuwa Kiingereza, lakini daftari la mfukoni lilikuwa Kiswahili tangu depo ya mafunzo. Uzee huu sitabadili.

Tukio, basi. Leo kituo cha afya. Sista Joska kampima uzito—kilo arobaini na nane. Februari alikuwa na sitini na moja! Joska akanivuta kando. "Mzee, hii dawa ya sukari na njaa hapana patana. Mama nameza bila kula, naanguka." Turudi Jumatatu ya tarehe mbili Juni. Akiwa chini ya arobaini na tano, analazwa, analishwa kwa mpira wa puani.

Nilidhani Alal hakusikia. Alikuwa anafunga vifungo vya blauzi. Tulipofika nje akaniambia: mpira huo wasiniwekee, Baba Oyat. Bora unipeleke Pajule moja kwa moja.

Pajule ndiko kwetu. Ndiko tulikomzika binti yetu, tarehe ishirini na mbili Februari. Alikuwa mwalimu Gulu. Homa ya ini, wiki tatu tu, akaisha. Umri miaka thelathini na minne, hakuacha mtoto. Tangu tulipoacha kaburi lile, mimi na mama yake hatujalitaja jina lake humu ndani. Hatukupatana hivyo. Imetokea tu.

Hapa naliandika. Abalo.

Jumatano, 14 Mei

Nimeingia jikoni. Lenyewe ni kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, tunagawana na Pélagie, jirani yetu Mkongomani anayeshona nguo za watoto. Mwanaume wa Kiacholi kuchutama kwenye sigiri ya mkaa! Marehemu baba angenitafutia fimbo. Na angeongeza viboko viwili kwa ajili ya wali wenyewe—chini umeungua, juu ungali mbichi.

Pélagie alisimama mlangoni na futi yake shingoni. "Papa Oyat! Serikali imekutuma ukamate sufuria?" Nikamwambia aende zake. Hakwenda. Akaondoa mkaa nusu, akafunika sufuria kwa nailoni na sahani juu, akaenda zake.

Alal alikula punje. Si sahani, si kijiko. Punje.

Ijumaa, 16 Mei

Uji. Vijiko vitatu. Mvua tangu asubuhi. Hakuna la kuripoti.

Jumapili, 18 Mei

Oyat kapiga simu kutoka Jinja. Mwanangu huyo naye polisi, kwa hiyo anapenda kutoa amri. Mama apelekwe hospitali kubwa kesho, nisingoje tarehe mbili, ninangoja nini? Nikamwuliza yeye ni daktari tangu lini. Akasema nina kichwa kigumu. Nikakata simu.

Nina hasira na kila mtu siku hizi. Na Oyat, na Joska na mzani wake, na wale wa kanisani wanaokuja kuimba kisha wanakula mikate yote. Na Alal pia—naandika kwa vile hakuna atakayesoma. Mimi sikufiwa? Abalo hakuwa wangu? Lakini mtu mmoja humu ndani lazima ashike sahani, na imekuwa mimi. Wakati mwingine natamani na mimi nigeukie ukuta.

Basi. Yamepita.

Jumanne, 20 Mei

Nimekwenda Nateete, sokoni kwa Akidi. Huyu mama anatoka kwetu na anasaga odii ambayo watu wanaifuata toka Makindye mpaka Kasubi. Odii ni simsim na karanga, zimekaangwa kila moja peke yake, kisha zikasagwa pamoja juu ya jiwe mpaka zitoe mafuta. Nikachukua na majani ya malakwang, machachu yale, na viazi vitamu. Mwacholi akikataa malakwang yenye odii, basi hakuna tena la kumpa. Ndicho chakula mama anachokupa ukirudi nyumbani umeshindwa.

Niliposema napika mwenyewe, Akidi alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaniuliza Alal hajambo? Nikamweleza. Akaacha kucheka, akanifundisha taratibu: chemsha majani, kamua maji ya uchachu lakini usiyamalize, odii iingie mwisho, moto uwe mdogo, usikoroge kama unapiga mtu.

Nikafuata amri zote. Ilitoka vizuri! Nilionja, nikashangaa mkono wangu. Pélagie alionja akasema hata kwao Oicha ingeliwa.

Nikaweka mbele ya Alal, nikakaa kwenye kiti changu. Akachovya kidole. Akakilamba. Akasema, "Ni nzuri."

Nikangoja.

"Odii ni ya Akidi," akasema. "Laini. Nzuri kabisa." Akaisukuma sahani kidogo, kwa heshima, akalala.

Nzuri kabisa! Sasa kosa liko wapi?

Nimekaa nalo swali hilo jioni nzima, na nadhani nimepata. Odii ya Abalo haikuwa nzuri. Iliungua. Kila mara! Kila mwezi alituma kopo kwa basi la Gulu—kopo la maziwa ya unga, lenye mfuniko wa njano—na kila mwezi Alal alifungua, akanusa, akalalamika. Mtoto wa miaka thelathini, bado anaunguza simsim! Anapiga simu papo hapo, anagomba. Nami kutoka kitini napiga kelele, "Mwambie ni mkaa, si odii!" Upande wa pili Abalo anacheka. Kisha tunakula yote. Na kopo halikurudi tupu hata siku moja, maana kwetu chombo cha mtu hakirudishwi tupu. Alal alilijaza sukari, au sabuni, au vitenge, akalipeleka kwenye basi yeye mwenyewe.

Odii ya Akidi haina wa kugombezwa.

Ijumaa, 23 Mei

Vijiko viwili. Ametapika dawa ya asubuhi. Pete ya ndoa imemtoka kidoleni kwenye beseni la maji, akaitazama tu. Nimeitia mfukoni mwangu.

Jumamosi, 24 Mei

Siku njema! Naandika haraka kabla haijaharibika.

Nilikuwa natafuta kadi yake ya kliniki kwenye sanduku la nguo. Chini kabisa, ndani ya kitenge cha bluu, mkono wangu ukagusa bati. Kopo lenye mfuniko wa njano! La Januari, la mwisho kabla hajaugua. Ndani imebaki robo, mafuta yamepanda juu, harufu ileile ya kuungua. Nilikaa sakafuni kama mlevi. Nikajiambia: huyu mama amelisahau. Kwa ugonjwa huu angekumbukaje?

Nikatoka mbio, Alal amelala. Pélagie alikuwa na majani ya jana, akanipa. Nikatia odii yote, nikafuta kuta za kopo kwa mwiko, hata chembe isipotee. Nikapeleka sahani. Ndipo Pélagie akaniita nimsaidie kushusha cherehani mlangoni, nikatoka—dakika kumi, labda kumi na tano.

Niliporudi sahani ilikuwa tupu. Tupu! Viazi vyote viwili vimekwisha. Alal amekaa kitako, vidole vinang'aa mafuta, machozi yanateremka bila sauti. Machozi hayakunitisha. Nilimpa dawa, akameza, ikakaa. Akaniuliza kama imebaki kidogo kwenye sufuria. Mwenyewe kauliza!

Nikampa iliyobaki. Kisha nikaosha vyombo vyote nikiimba wimbo wa gwaride. Na kopo nimelisugua kwa jivu na sabuni mpaka linawaka kama jua.

Jumapili, 25 Mei

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi aliamka mwenyewe. Akaenda kwenye sanduku. Nikamwona anapapasa chini, anatoa nguo moja moja, anapapasa tena. Mimi, mpumbavu, nikaenda jikoni nikamletea kopo. Nikamkabidhi kama mtu anayekabidhi zawadi ya krismasi.

Akafungua mfuniko. Akanusa. Akanusa tena, pua ndani kabisa. Sabuni.

"Nilidhani umechota kijiko," akasema.

Kijiko! Alikuwa hali odii ile—alikuwa analifungua kopo na kunusa. Kila siku, ninapokwenda kuchota maji. Miezi mitatu, mimi mpelelezi wa zamani, sikujua. Wala sikujua kwamba ilikuwa zamu yake kulirudisha. Aliniambia hilo kwa sauti ya kawaida kabisa: ilikuwa zamu yangu kulijaza, sikujua nilijaze nini, nikaliacha kwanza.

Nilisema pole. Neno dogo namna gani! Amegeukia ukuta tangu saa tatu. Hajala, hajanywa, hakunigombeza. Laiti angenigombeza.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Ndiye mjukuu pekee niliyepata.

Jumanne, 27 Mei

Maji tu. Na chai nusu kikombe, kwa sababu nililia mbele yake, nadhani alinionea huruma.

Nilikwenda jikoni kukaa peke yangu, Pélagie akanikuta. Nikamweleza yote. Hakunipa pole. Alienda chumbani kwake akarudi na chupa ndogo ya plastiki, mfuniko umefungwa kwa uzi. Mawese. Yameganda, rangi imekuwa kama kutu.

"Mama yangu alinipatia hii siku tulitoka Oicha," akasema. "Miaka sita. Sijafunguaka."

Nikamwuliza kama bado yanalika. Akanitazama kama anayetazama mtoto mjinga. "Hapana. Yameoza. Lakini iko."

Akairudisha. Nikafikiri juu ya chupa ile siku nzima. Mtu hukaa na njaa karibu na chakula, na hicho chakula ndicho kinachomshikilia. Mimi nilimwondolea Alal alichokuwa anashikilia, nikampa shibe ya siku moja.

Alhamisi, 29 Mei

Nimeamua. Kama odii ya Abalo imekwisha, nitaitengeneza. Kuunguza kitu ni kazi gani? Wali niliuunguza bila kusomea!

Nimenunua simsim na karanga, Pélagie kanikopesha kinu, kwa vile jiwe la kusagia sina. Karanga hazikuwa na taabu. Simsim ndiyo. Nimekaa na saa mkononi, jicho kwenye kikaango.

Jaribio la kwanza: dakika sita. Limekuwa kahawia, halina uchungu. Ni la Akidi tu, lenye sura mbaya.
La pili: dakika tisa. Jeusi. Mkaa kweli.
La tatu: dakika saba na nusu. Karibu. Lakini karibu na nini? Hapo ndipo nilipokwama. Sikumbuki vizuri! Miaka kumi nimeila odii ile, na nilikuwa mwepesi wa kuicheka kuliko kuionja.

Nilimpigia Oyat. Kwanza nikamwomba radhi kwa juzi. Kisha nikamwuliza odii ya dada yake ilikuwaje hasa. Nikadhani simu imekatika. Kumbe analia, askari mzima, ofisini kwa watu. "Uchungu ulikuja mwishoni, Baba," akasema. "Si mwanzoni. Unameza kwanza."

Nimeliandika hilo. Uchungu mwishoni.

Alal: uji, kijiko kimoja. Alipovuka uani kwenda chooni nilimshika mkono. Mfupa mtupu.

Jumamosi, 31 Mei

La nne, la tano, la sita. Moshi umejaa uani, mwenye nyumba kaja kuuliza kama tunachoma matairi. Barabarani mahujaji wanaokwenda Namugongo kwa sikukuu ya wafiadini wanapita na ndoo na mikeka, wanaimba. Mmoja alichungulia akatuombea.

Nimempelekea Alal la tano, ncha ya kijiko. Akaonja. Akatikisa kichwa. Nikampelekea la sita. Akatikisa kichwa. Lakini alionja! Na alikuwa akinitazama—mashavu yangu yana masizi, shati limetoboka kwa cheche. Nadhani alitaka kusema kitu.

Keshokutwa ni mzani.

Jumapili, 1 Juni

Saa tisa mchana. Naandika nimekaa kwenye kizingiti cha nyumba, daftari gotini.

Baada ya kanisa—Pélagie alikwenda, mimi sikwenda—niliwasha sigiri kwa ajili ya la saba. Kikaango, simsim, saa. Nimechutama, jicho halipepesi. Nikasikia kandambili nyuma yangu. Nikafikiri ni Pélagie amerudi. Ni Alal! Kitenge kifuani, mkono ukutani. Hajafika jikoni tangu Februari.

Nikabaki nimechutama. Niliogopa kumfukuza, kama mtu anavyoogopa kumfukuza ndege. Akakaa kwenye kigoda cha Pélagie, akahema. Akatazama kikaango. Akanitazama mimi.

"Sajini," akasema. Ananiita hivyo akiwa amekasirika. Nilifurahi! "Hutaipata hivyo."

Nikamwuliza kwa nini, moto mkali?

"Unaivizia. Yeye hakuwa anaivizia. Aliibandika, akakaa kusahihisha madaftari ya watoto, akapiga soga na kila anayepita. Akikumbuka, moshi." Akanyoosha mkono, akanipokonya mwiko, akauweka chini. Akavua saa mkononi mwangu, akaitia ndani ya kitenge chake. "Ongea," akasema.

"Niongee nini?"

"Chochote. Tazama kwingine, si kikaango."

Nikakaa mchangani, mgongo kwenye sigiri. Miezi mitatu nimeongea dawa, uji, vijiko, na sasa kinywa kimekauka. Kisha neno likatoka lenyewe. Nikasema, Abalo alipokuwa na miaka saba, kambini kwa polisi, aliniibia filimbi. Alal akageuka. Jina lilikuwa limeshatoka, nikaendelea. Aliipuliza alfajiri, kikosi kizima kikatoka nje bila viatu, OC, mkuu wa kituo, akiwa na taulo. Alal akasema hapana, alikuwa sita, si saba, na taulo ilidondoka. Ilidondoka, nikasema, na mimi nikafungiwa siku tatu bila posho. "Akakuletea viazi dirishani," akasema Alal. "Vimeungua," nikasema. "Vimeungua," akasema, akacheka. Kicheko kidogo, kimevunjika katikati kikawa kilio, tukalia wote wawili pale chini, jirani wa tatu akafunga dirisha. Naye akasimulia la shule, na lile la sare ya rangi ya chungwa, na jinsi Abalo alivyomshika mkono kule Gulu siku ya mwisho akimwomba radhi kwa ajili ya kopo, kwamba mwezi huu halitakuja.

Hilo sikuwa nalijua. Alikuwa nalo peke yake.

Moshi ulipotufikia ndipo tulipokumbuka. Alal akawahi kikaango kwa kitenge, mikono karibu mitupu. Akamwaga simsim kwenye ungo, akapepeta. Nikataka kuangalia rangi. Akanisukuma. "Nenda ukakae nje."

Ndiyo maana niko kizingitini. Yeye yuko ndani ya kibanda na kinu. Kopo amelichukua, lile nililolisugua, nikaona ameliweka karibu na goti lake, mfuniko wazi. Anatwanga. Mapigo mawili, anapumzika. Mapigo mawili, anapumzika. Hana nguvu. Mara tatu nimetaka kuinuka nimsaidie, mara tatu nimekaa.

Kesho saa mbili tuko kwa Joska. Sijui mzani utasema nini. Hajala kitu leo, na odii ya mchana mmoja haijazi mifupa. Najua hesabu hiyo. Simdanganyi mtu, hata daftari.

Mapigo mawili. Anapumzika.

Kinu kimenyamaza. Nasikia kijiko kimegusa bati la kopo.

Kimya.

Ngoja nikachungulie kama—hapana. Nimeketi. Natazama barabara, nisimvizie.